Kofia ya Kisimba Haijapoa

Kisimba alizikwa siku ya Jumamosi, na Jumatatu asubuhi alishuka kwenye basi la wafanyakazi kama kawaida yake, akiwa na uso wa mtu mwingine.

Honorine Mbayo alikuwa amesimama langoni, mahali ambapo mkuu wa wafanyakazi husimama kila asubuhi kuwatazama watu wake wakiingia kiwandani. Kitu cha kwanza alichokiona ni ile kofia ngumu ya njano yenye ndege mdogo wa kijani ubavuni. Ndege yule alichorwa kwa rangi ya kucha na Mignonne, mke wa Kisimba, na kiwanda kizima kilimjua. Lakini chini ya kofia, badala ya masharubu mazito ya Kisimba, palikuwa na midomo mitupu ya kijana. Ni Hénock, mgeni kutoka Mutshatsha, ambaye Honorine mwenyewe alimwandika kazi Ijumaa, siku moja baada ya Kisimba kukata roho, akamkabidhi kofia ile.

“Kisimba! Leo ulituchelewesha, mon vieux!” Josias, kapita aliyesimamia zamu ya asubuhi, alimpigia kelele kutoka mlangoni mwa basi. Wanaume wakacheka.

“Hapana miye, ni ile njia ya Musonoi,” Hénock akajibu. “Mashimo tupu.”

Honorine naye alicheka kidogo. Alikwisha kuketi ofisini, chai mkononi, alipojiuliza. Kijana aliyefika Kolwezi juzi, anayelala kwa shangazi yake karibu na stesheni ya gari moshi, alipandia basi Musonoi, kwa kina Kisimba, kwa nini?

Kiwanda kile kilikuwa cha kusaga mawe. Malori yaliyaleta kutoka shimoni, mawe yenye madoa ya kijani ya shaba, mashine ikayameza kwa kishindo, na mkanda mrefu wa mpira ukayapandisha hadi kwenye matangi. Mashine haikuwa na siku ya mapumziko. Baada ya wiki ya kwanza mtu hakuisikia tena kelele yake, ila akilala nyumbani aliyahisi meno yake yakitetemeka.

Na kama mashine ilivyokuwa, ndivyo wafanyakazi walivyotakiwa kuwa. Huo ulikuwa utaratibu wa Profesa Antoine Mukuna, mwalimu wa menejimenti katika chuo cha mjini, ambako Honorine alikuwa akimalizia shahada yake ya pili huku akifanya kazi. Profesa aliuita “Nafasi Haipoi”. Mtu akiacha kazi, akifukuzwa au akifa, mara moja mwingine anapewa kila kitu chake: nambari yake, kofia yake, buti zake, kabati lake, kiti chake ndani ya basi, mahali pake pembeni ya mkanda. Hapana muda wa kununua vipya. Hapana muda wa kulia. Mkurugenzi aliupenda utaratibu ule kuliko alivyopenda chakula, na wenzake Kisimba walipoomba kwenda makaburini, aliwajibu kwamba kampuni imekwisha kutuma maua.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, Honorine angesimama mbele ya jopo la chuo kutetea utafiti wake kuhusu mafanikio ya Nafasi Haipoi. Jopo likiridhika, kiti cha ualimu katika idara ya Profesa kilikuwa kinamngoja. Alikitamani kiti hicho kiasi kwamba wakati mwingine, akiwa peke yake kwenye chumba cha darasa, alisimama mbele ya ubao na kuvuta pumzi tu.

Basi akaacha kujiuliza habari za njia ya Musonoi.

Jumanne Hénock alianza kuchechemea. Kisimba alichechemea mguu wa kulia. Honorine alijituliza upesi: buti zile zimelika upande mmoja, na yeyote atakayezivaa ataegemea upande ule. Hesabu rahisi.

Halafu ikaja ile hadithi. Wakati wa mapumziko wanaume hukaa kivulini nyuma ya matangi, wakipokezana kopo la munkoyo, kinywaji cha mahindi, na kwa miaka mingi Kisimba aliwasimulia kisa kimoja cha padri aliyefuatwa na mbuzi mpaka madhabahuni. Wote walikijua mpaka mwisho. Siku ile Honorine alikuwa akipita, akamsikia Hénock akikisimulia. Alisita palepale Kisimba aliposita. Aliminya sauti ya mbuzi vilevile, kwa pua. Wanaume wakaangua kicheko kabla kisa hakijaisha, kama walivyozoea, kisha kicheko kikakatika kwa wote kwa mpigo mmoja, na kila mtu akatazama chini.

“Nani alimfundisha?” Honorine alimuuliza Josias pembeni.

“Hakuna mutu, Mama Shefu.”

“Na kwa nini mnamwita Kisimba? Ana jina lake.”

Josias alivua kofia yake, akaigeuza mikononi. “Miye najua jina yake. Ni Hénock. Hapa kichwani iko. Lakini mulomo ikifunguka, inatoka ile ingine. Shiye bote. Unazani ni muchezo? Juzi nilifunga mulomo kabisa, na mukono njo ukamupungia kama vile nilikuwaka napungia Kisimba.”

Honorine akamwita kijana ofisini. Aliingia, akabaki amesimama karibu na mlango, akinukia vumbi na sabuni ambayo Honorine alikuwa ameinusa kwa miaka kwenye mtu mwingine.

“Jina lako nani?”

Kijana alitazama ukuta nyuma ya Honorine, kama mtu aliyeulizwa jina la jirani wa zamani. “Hénock,” akasema mwishoni.

“Unalala wapi siku hizi, Hénock?”

“Basi inanishusha Musonoi, Mama Shefu. Kile kiti ni kya Musonoi. Mi nashuka. Mulango iko wazi, bukari iko mezani.” Akapeleka vidole viwili chini ya pua, akayalainisha masharubu ambayo hayakuwapo. “Mama Shefu, miye nimechoka. Nani atanifungia kazi? Hakuna mutu aliniambia: ‘Basi.’”

“Ulianza Jumatatu.”

Akamtazama kwa huruma, jinsi mzee anavyomtazama mtoto aliyesema jambo la kuchekesha. “Ah, mama. Miaka yote ile?”

Alipotoka, Honorine aliiona alama ya buti zake kwenye vumbi la sakafu: mguu wa kushoto mzima, wa kulia ukiburura. Alichukua kitambaa akaifuta mwenyewe, hakumwita mfagiaji.

Wiki ya pili, siku ya kwanza ya kazi, mama mmoja alikuja kukaa langoni. Alipanda lori la makaa kutoka Mutshatsha, na nguo yake ilikuwa nyeusi mpaka magotini. Mapajani alishika mfuko wa viwavi wakavu wa kula. Aliitwa Mama Tshibola, na mtoto wake alikuwa Hénock.

“Namupigia telefone,” alimwambia Honorine. “Anashika. Ananisalimia muzuri sana. Halafu ananiuliza: ‘Mama, unatafuta nani?’ Nikasema labda ni akili ya muji. Labda amepata bibi mwenye kiburi. Nikasema niende nimupige kofi, nirudi.”

“Utampiga leo, mama,” Honorine akasema, na wote wawili wakacheka, kwa sababu kicheko kilikuwa karibu kuliko kilio.

Zamu ikaisha. Wanaume wakatoka, weupe kwa vumbi, na Hénock katikati yao, akichechemea. Mama Tshibola akainuka, mfuko ukaanguka, mikono ikafunguka. Machozi yalikuwa yamekwisha kuanza.

Hénock akasimama mbele yake. Akavua kofia yenye ndege wa kijani, akaishika kifuani kwa heshima.

“Jambo, mama,” alisema. “Umefiwa? Pole sana. Mutoto yako alikufia wapi?”

Kijana akainama, akaokota mfuko wa viwavi, akaupangusa vumbi, akamkabidhi mama kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu, kisha akapanda basi, akaketi kwenye kiti cha dirishani. Basi likaondoka kuelekea Musonoi.

Honorine alimshika Mama Tshibola mkono, wakapanda wote kwenye pikipiki moja ya abiria, wakalifuata.

Musonoi imejengwa kando ya mashimo makubwa, na nyumba nyingi zina nyufa zinazopanda ukutani kama mizizi. Ya Kisimba ilikuwa na mlango wa bluu. Jua lilikuwa bado halijazama. Uani, mbali na mlango, alikuwa ameketi mwanamume mwenye mvi, Gaston, kaka mkubwa wa marehemu, na ilionekana wazi kwamba hataki kuingia ndani. Mignonne, mjane, aliwapokea akiwa na unga wa kusongea bukari, yaani ugali, mpaka viwikoni. Kupitia mlango Hénock alionekana ameketi mezani, akila taratibu, kimya.

“Siku ya kwanza nilifikiri ni mwizi,” Mignonne alinong’ona. “Halafu akaenda moja kwa moja kwenye chumvi. Chumvi miye naificha, mama, juu ya batoto. Yeye alijua fashi, palepale naifichaka.”

“Kwa nini hukumfukuza?”

“Utamufukuza namna gani mutu mwenye unamulilia?” Akajipangusa jicho kwa bega. “Chumbani kwangu hajaingia, usinifikirie mubaya. Anakaa pale kwa kiti mpaka asubuhi. Macho wazi. Kama anangojea basi.”

Mama Tshibola aliketi chini hapohapo kwenye kizingiti, akawa anamtazama mtoto wake anavyotafuna.

Honorine akamwendea Gaston. “Tata, hiki ni nini?”

“Unaniuliza miye? Ni ninyi njo mulifanya.” Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Weye ni mutoto ya wapi? Kwenu hamupyane?”

Honorine alijua. Bibi yake alipyanwa. Mtu akifa, jamaa hukaa, humchagua mmoja wao wa kumpyana, yaani kumrithi marehemu mwenyewe, si mali yake tu. Humpa mkanda wa marehemu, humkalisha kwenye kiti cha marehemu, humwita kwa jina la marehemu mbele ya watu. Tangu hapo yeye ndiye yule. Honorine mwenyewe alimwita “bibi” msichana aliyekuwa mdogo kuliko yeye, na hakuona ajabu.

“Lakini tunamuuliza kwanza,” Gaston akasema, kana kwamba ameyasikia mawazo yake. “Tunauliza: unakubali? Na tunalia kwanza, tunamaliza. Sasa ninyi kule munafanya nini? Munachukua mutoto ya bene, ya bantu bengine. Munamuvalisha kofia ya mufu, buti ya mufu. Munamukalisha kwa kiti ya mufu mbele ya bantu bake. Munamupa ile nambari yenye alikuwaka anaitikia. Na kilio hakijaanza! Mumemupyanika, mama. Bila mayi, bila pemba ya kumupaka, bila kumuuliza. Na ndugu yangu ameingia, juu ameona mulango wazi.”

“Kampuni haijui mambo haya, tata.”

“Kisimba naye hajue kama kampuni haijue.”

Ndani ya nyumba kijiko kiligonga sahani, kikanyamaza.

“Itatolewa namna gani?”

“Mwenye alimupa njo atamuvua. Kwa mukono yake. Fashi ileile, mbele ya bantu balebale. Na ile mashini inyamaze, juu tangu ameanza kutumika pale hakusikiaka mutu muzuri.” Gaston akamtazama kijana kwa mlangoni. “Na musikawie. Leo hajue mama yake. Kesho mama yake hatamujua.”

Honorine aligeuka. Mama Tshibola alikuwa amekunja uso, akimtazama kijana mezani kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoacha ufunguo.

Kesho yake Honorine alikwenda chuoni. Ofisi ya Profesa Mukuna ilikuwa na picha moja tu ukutani, ya profesa wa kale aliyeanzisha idara, mzee wa miwani mizito ya fremu nyeusi. Alipofariki, Mukuna alikuwa mwanafunzi wake wa uzamivu. Alirithi ofisi, meza, madaftari ya kufundishia, na hata miwani. Alisema inamtosha macho na ni upuuzi kununua mingine. Alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa pete akifikiri. Honorine alimsikiliza akigonga, akakumbuka ghafla kwamba mlio ule aliusikia akiwa mwaka wa kwanza, na aliyegonga hakuwa huyu.

“Binti yangu, huruma haina kipimo,” Profesa alisema alipomaliza kumsikiliza. “Kitu kisicho na kipimo hakiingii kwenye utafiti.”

“Alimwambia mama yake pole kwa kufiwa, Profesa. Nilikuwa pale.”

“Hiyo ni hadithi. Niletee takwimu.”

“Ni mtu mmoja.”

“Mmoja si takwimu.”

“Kwa mama yake ni takwimu yote.”

Profesa akacheka, akagonga meza. “Sasa wewe ni mtafiti, ama ni mama wa kwaya?”

“Mama wa kwaya akisikia wimbo, anajua sauti ya nani haipo. Sisi tunasikia nini?”

Profesa hakupenda jibu hilo. Akampigia mkurugenzi simu palepale, akaiweka juu ya meza ili wasikie wote. Sauti ya mkurugenzi ilitoka ikiwa imechanganyika na mngurumo wa mashine.

“Mama Honorine, mashine inasimama kwa hitilafu tu,” alisema. “Huzuni si hitilafu.”

“Nisaidie kwa muda mfupi tu, bwana mkurugenzi. Muda wa kumuaga mtu.”

“Tulituma maua.”

Simu ikakatika. Honorine akanyanyuka. Mlangoni aligeuka kuaga, akamwona Profesa amesimama chini ya ile picha, kichwa kimeinama upande uleule, miwani ileile iking’aa, na kwa kitambo hakujua ni yupi aliyekuwa kwenye fremu.

Alhamisi asubuhi aliingia kiwandani kabla ya basi. Kandokando ya mkanda hupita kamba nyekundu, ya kuvutwa kukiwa na hatari, na katika miaka yake yote pale hakuwahi kuigusa. Alingoja wanaume wafike kwenye nafasi zao. Alingoja Hénock asimame pale ambapo Kisimba alisimama, akiokota vyuma na mizizi katikati ya mawe. Gaston na Mama Tshibola walikuwa nyuma yake, wamepita langoni kwa ruhusa yake.

Akaivuta.

Mashine ilikohoa, ikajikokota, ikasimama. Ukimya ulioshuka ulikuwa mzito mpaka wanaume wengine wakashika masikio. Vumbi likaanza kuanguka polepole. Na hapo wote wakasikia hatua. Mtu alikuwa akitembea juu ya ngazi ya chuma inayopakana na mkanda: mguu mmoja mzima, mmoja ukiburura. Hatua zikaja, zikaja, zikafika. Hénock hakuwa ameinua hata unyayo.

“Mungu wangu,” Josias akasema chinichini.

Honorine alimwendea kijana. Alikuwa ameandaa maneno mazuri usiku, ya kitaalamu, yote yakamtoroka. Akanyoosha mikono, akamvua kofia. Ilikuwa ya moto ndani, kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi, na nzito hivi kwamba mikono ikamshuka. Kisha akapiga magoti kwenye mawe, kwa sketi yake ya ofisini, akaanza kumfungua kamba za buti. Mnong’ono ukapita kati ya wanaume. Hakuna aliyewahi kumwona shefu akipiga magoti mbele ya mtu wa mkanda.

“Tata Kisimba,” alisema. “Ni Honorine.”

“Mama Shefu.” Sauti iliyotoka kwa kijana ilikuwa nene, ya mtu mzima. “Kwa nini mashini imesimama? Batanikatia mushahara.”

“Imesimama kwa ajili yako.”

“Juu ya miye?” Ikaonekana hakuelewa. “Haijasimamaka juu ya miye.”

“Ndiyo maana.” Akavuta buti la kwanza. “Siku nilipofika hapa ulinionyesha pa kuweka miguu nisianguke kwenye mkanda. Ulikuwa unawaletea watoto wa Josias machungwa. Ulitoa kipande cha chuma kwenye mawe, siku ile mashine ingetuvunjikia usoni, ukakitia mfukoni na kuendelea kufanya kazi. Ninayajua haya yote, na sikukuambia hata siku moja. Nakuambia sasa. Ulifanya kazi vizuri, tata. Kazi imeisha.”

“Basi?”

“Basi. Nenda nyumbani.”

Akavuta buti la pili. Gaston akasogea na sahani ya maji yenye pemba, ule udongo mweupe, akampaka kijana kwenye paji la uso na kifuani, akizungumza na ndugu yake maneno ambayo Honorine hakujaribu kuyasikia. Josias ndiye aliyeanza kulia. Alilia kwa sauti mbaya, ya mtu asiyezoea, akiita, “Kisimba! Ah, Kisimba! Na miye niliendelea kukucheka kwenye basi!” Ndipo wengine wakafunguka, mmoja baada ya mwingine, wanaume wakubwa wenye glavu za mpira, wakilia kilio kilichokuwa kimezuiliwa tangu Alhamisi ile Kisimba alipokufa. Hakuna aliyeona aibu.

Kofia ikaanza kupoa mikononi mwa Honorine. Aliihisi ikipoa, kama jiwe linavyopoa jua likizama.

Zile hatua zikaanza tena, juu ya ngazi ya chuma, sasa zikienda. Zilielekea langoni. Hazikuburura tena. Nje, kwenye uwanja, mlango wa basi ulisikika ukifunguliwa na kufungwa, na dereva, aliyekuwa amesimama hapa pamoja nao, akapapasa mfuko wake na kuutoa ufunguo, akawaonyesha wote.

“Mama?”

Hénock alikuwa akitazama miguu yake mitupu, kisha akamtazama mwanamke mwenye nguo nyeusi kwa makaa. “Mama, ulifika lini? Nani amenivua viatu?”

Mama Tshibola alimpiga lile kofi. Halafu akamkumbatia.

Mkurugenzi alikuwa amesimama juu ya ngazi za ofisi, simu sikioni, akiwatazama.

Siku ya kutetea utafiti, chumba kilijaa. Profesa Mukuna aliketi katikati ya jopo, mkurugenzi mstari wa mbele kama mgeni wa heshima. Nyuma kabisa, Josias na watu wa zamu yake waliingia na nguo za kazi, na kati yao Hénock, mwenye kofia mpya isiyo na mchoro. Walikuja kwa basi. Kiti cha dirishani, Josias alisema, kilibaki kitupu njia nzima, na pale Musonoi dereva alipunguza mwendo bila kujua kwa nini.

Honorine hakusoma sura waliyoitarajia. Alisoma nyingine, aliyoiandika kwa siku moja, bila jedwali hata moja. Alisema kwamba mtu hawezi kusimamia watu asiowapenda. Alisema kwamba mtafiti anayeandika habari za wafanyakazi bila moyo wake kutetemeka anaandika habari za viti. Alisema kwamba mahali pa mtu panapaswa kupoa, na kwamba kazi ya kwanza ya shefu, mtu anapoondoka, ni kumwambia ‘basi’.

“Hii si sayansi,” Profesa akamkatiza.

“Naomba kukuuliza jambo, Profesa. Profesa wa kale alipofariki, nani alimuaga?”

“Swali hilo linahusiana na nini?”

“Mlisimamisha masomo?”

Profesa aliinamia makaratasi yake. “Alizikwa Jumapili. Jumatatu nilifundisha mimi.”

“Kwa madaftari yake.”

“Kwa madaftari yake.”

“Na miwani yake.”

Mkono wa Profesa ulipanda taratibu ukagusa fremu nyeusi. Mkono wa pili ulianza kugonga meza kwa pete, kisha kidole kikabaki hewani, kama kimesahau njia ya kushuka. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo, ya kijana aliyepotea. “Kuna darasa ninaliota,” alisema. “Kila usiku. Wanafunzi wananiita jina, nami ninaitika. Si jina langu.”

Mkurugenzi akasimama, kiti chake kikapiga kelele sakafuni. “Inatosha! Mama huyu alisimamisha mashine ya kampuni bila ruhusa. Aliingiza watu wa nje. Sasa anamwaibisha mwalimu wake mbele ya wageni. Aombe msamaha hapa, mbele ya wote, kwa kampuni na kwa chuo, ama apoteze vyote viwili leo.”

Profesa alimgeuzia uso, na nyuma ya vioo vile vizito macho yake yalikuwa yakimwomba kitu, si kile ambacho mdomo wake ulikuwa ukisema.

“Honorine, binti yangu. Omba tu. Ni neno moja. Kiti ni chako.”

Honorine alilifikiria lile darasa, ule ubao, pumzi alizovuta peke yake. Kisha akamtazama Hénock kule nyuma, aliyekuwa akijikuna chini ya pua na kuusimamisha mkono haraka, akiukagua kama ni wake.

“Hicho kiti bado kina moto wa mtu ambaye hakuagwa, Profesa,” alisema. “Hiyo miwani ulijivisha mwenyewe; ukiniruhusu, tukitoka hapa nitasimama nawe ukiivua. Lakini kwa mashine niliyosimamisha, kwa Kisimba, na kwa haya niliyoyasoma, siombi msamaha.”

“Mara ya mwisho, mama,” mkurugenzi akasema.

“Siombi.”